Ndoo ya mama wa genge: jinsi ya kuupeleka utafiti wako mtaani kwa picha na hadithi

Bango langu la kwanza la utafiti lilikuwa limejaa kila kitu. Saizi ya A1, grafu mbili, ramani ya kata, majina ya watafiti wote, na katikati kiluwiluwi wa mbu kapigwa picha kwa darubini, kakuzwa mpaka ana urefu wa mkono wangu. Nikalikunja nikapanda nalo daladala mpaka Tandale, nikalitundika karibu na soko, watu wakaja wakaangalia kwa heshima zao, halafu mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, hapa kwetu vyura hakuna, labda uende kule bondeni."

Sikumwelewa mpaka nilipokaa nikafikiria. Viluwiluwi kwa watu wengi ni watoto wa chura, ndo tulivyosoma shuleni, na lile lidudu la kwenye bango lilikuwa kubwa mno halifanani na chochote alichowahi kukiona. Na wakati huo huo, hatua tatu kutoka tulipokuwa tumesimama, kulikuwa na ndoo yake ya maji ya kunyunyizia mboga na ndani vile vidudu vinachezacheza. Nikamwomba ile ndoo, nikachota maji nikamimina kwenye chupa ya plastiki ya kuona ndani, nikaiinua juani. Akaangalia kimya. Kisha akamwita binti yake, akamwita na fundi cherehani wa jirani, "Njooni muone, kumbe hivi ndo vinakuwaga mbu!" Dakika tano zile zilifanya kazi ambayo bango langu halikuifanya asubuhi nzima.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyofanya, na naandika hapa kwa yeyote mwenye sayansi ya kuwaambia watu, uwe mtafiti, mwalimu, mhudumu wa afya au mwanafunzi wa chuo unayetaka utafiti wako utoke kwenye laptop. Mifano yangu mingi ni ya mbu maana ndo ninaowajua, ila ukiwa unaongelea mafuriko ya Jangwani au matumbawe ya Bongoyo na Mbudya njia ni ile ile.

Anza na kitu kilichopo mlangoni kwake

Kabla hujafungua kompyuta jiulize, huyu mtu ana nini nyumbani kwake kinachohusiana na utafiti wangu? Sio kinachofanana, kinachohusiana kweli. Kwenye homa ya dengue jibu ni rahisi, ni ndoo, pipa, simtanki lisilo na mfuniko, tairi la zamani, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mbu anayeeneza dengue, Aedes aegypti, anataga humo. Na hapa kuna kitu kimoja ambacho ukikijua kinakupa picha nzima ya kuchora: mayai yake hayabandiki kwenye maji, anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Yanaweza kukaa pale makavu kwa miezi, siku maji yakipanda yakayafikia yanaanguliwa, na kwa joto letu hili wiki moja mpaka siku kumi hivi ushapata mbu anayeruka.

Sasa ukishajua hilo unachora nini? Watu wengi wanachora mbu. Mbu kila mtu anamjua na kumchora hakumwongezei mtu kitu. Chora ndoo imekatwa upande, maji nusu, na ule mstari wa utelezi juu ya maji, weka vidoti vyeusi kwenye mstari. Basi. Mtu akiona hiyo picha anaelewa mwenyewe kwanini kumwaga maji peke yake hakutoshi, inabidi achukue brashi au dodoki asugue. Hicho ndo kipimo changu cha picha ya sayansi, mtu akishaiangalia anajua kesho asubuhi mkono wake unafanya nini. Picha isiyofika hapo inaweza kuwa nzuri ukutani, ila kazi yake bado haijaisha.

Na ukikuza kitu, onyesha na saizi yake ya kweli. Mimi siku hizi naweka njiti ya kiberiti pembeni ya kila mdudu ninayempiga picha. Njiti kila mtu anaijua, hata mtoto wa darasa la pili.

Kanga imeshatufundisha kupanga bango

Ukitaka kujua bango linapangwaje usiende mbali, chukua kanga ya mama yako uitandaze kitandani. Kuna pindo linalozunguka pande zote, kuna mji katikati wenye picha au ua moja linaloonekana hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara, na chini kidogo kuna jina, sentensi moja fupi inayosomwa mara moja tu ikaingia. Kanga yenye majina matatu umeiona wapi? Kanga yenye maelezo ya mistari kumi umeiona wapi?

Kwahiyo picha moja kubwa mjini, jina moja, na mambo mengine yote (nembo za wafadhili, namba ya simu ya bure, majina ya chuo) yapeleke kwenye pindo. Najua hapa ndo ugomvi unapoanza maana kila mfadhili anataka nembo yake iwe kubwa na msimamizi wako anataka grafu yake iingie. Mimi huwa nawatandazia kanga mezani, kweli kabisa, na mara nyingi wanaelewa.

Jina la bango liandike kama mtu anavyoongea. "Sugua ndoo, usimwage tu" linasomeka ukiwa umesimama kwenye mwendokasi. "Udhibiti wa mazalia ya mbu katika ngazi ya kaya" ni la kwenye ripoti, liache huko. Na chunga neno moja moja, maana neno linaweza kukugeuka kama viluwiluwi vilivyonigeuka mimi. Tuliwahi kuandika "mbu wa dengue anazaliana kwenye maji safi", watu wakaelewa maji ya kunywa yaliyochemshwa, wengine wakaona basi maji ya pipa lenye majani hayana shida. Tukabadilisha tukaandika "maji yaliyotulia kwenye chombo chochote" na maswali yakapungua.

Rangi usizidishe, tatu zinatosha. Na usitenganishe hatari na usalama kwa nyekundu na kijani peke yake, kuna watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha hizo rangi mbili na wengine hawajui kama wana hilo tatizo, kwahiyo weka na alama, mkasi (X) au tiki au mkono uliokataza. Kama unaweza kumpata mchoraji wa Tingatinga akuchoree, fanya hivyo, wale wameshazoea kusema jambo kwa mnyama mmoja na rangi za kupaka zinazoonekana mbali, na macho ya watu wa Dar yameshazoea mkono wao.

Namba ipe mwili

Asilimia inamchosha mtu. "Asilimia 0.01" haionekani. Ila ukimwambia mtu mmoja kati ya 10,000, halafu ukamwambia fikiria Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, watu 60,000 wamejaa, basi kati ya wote hao ni watu 6, hapo anaona. Na hii inakusaidia usidanganye watu bila kukusudia. Ukisikia "hatari imeongezeka mara mbili" unashtuka, ila kama ilikuwa watu 6 uwanja mzima ikawa 12, mara mbili ni kweli na uwanja bado ni ule ule. Sema vyote viwili, siku zote. Mwandishi wa habari akikukatia kimoja mpigie simu umwombe arudishe.

Mvua nayo ni hivyo hivyo. Mamlaka ya hali ya hewa ikisema zimenyesha milimita 50, mtu anaona vidole vyake vitatu hivi, anasema ahh mvua gani hiyo. Mwambie hivi: milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati lako la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60, milimita 50 zikianguka juu yake ni lita 3,000, yani simtanki tatu za lita elfu moja moja au ndoo 150 za lita 20. Bati moja tu. Sasa hesabu mabati yote kuanzia Kimara kushuka mpaka bonde la Msimbazi, halafu mwambie maji hayo yote yanatafuta njia ya kwenda baharini na ardhi ya kuyanywa imejengwa nyumba na kuwekwa sakafu. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa hapo. Grafu ya milimita kwa mwezi haijawahi kumnyamazisha mtu mbele yangu.

Kuna kazi ya Ramani Huria iliyoanza Dar mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa walizunguka wakachora mifereji, nyumba na sehemu zinazojaa maji. Nachokipenda pale ni kwamba mkazi alikuwa mchoraji pia. Ukitaka watu waiamini ramani yako, waache wao wakuonyeshe maji yalifika wapi, muulize mzee maji yalifika gotini au kifuani, halafu chora mstari huo ukutani kwa rangi akiruhusu. Mstari wa kifuani kwenye ukuta wa nyumba unayoijua ni grafu pia.

Hadithi: mtu mmoja, na usiinyooshe

Kipindupindu kilipoingia Dar Agosti 2015 nilikuwa naulizwa sana, yani kweli ni maji? Na mimi nikawa nasimulia habari ya London ya mwaka 1854. Daktari John Snow alichukua ramani ya mtaa wa Soho akaweka kistari cheusi kwa kila aliyekufa kwenye nyumba yake, vistari vikajirundika kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Waliokufa walifika 616. Ramani hiyo kila anayesoma afya anaijua. Ila kilichokuwa kinawakamata watu wangu sio ramani, ni mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa na pampu ile, kule hakuna kipindupindu, na bado akafa. Snow akafuatilia, kumbe yule mama alikuwa ameyazoea maji ya mtaa wake wa zamani, anayapenda ladha yake, kila siku analetewa chupa kutoka Broad Street. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa naye akafa, huko kwao Islington.

Hapo unaona picha na hadithi zinavyoshikana. Ramani inasema wengi walikufa hapa, mtu bado anaweza kusema labda ni hewa ya pale. Mjane wa Hampstead anaufunga huo mlango, hewa ya Broad Street haikumfikia, maji yalimfikia. Kwahiyo ukichagua hadithi, usichague yenye machozi mengi, chagua ile inayojibu swali ambalo grafu yako imeliacha wazi. Hili nalirudia kila mahali maana naona watu wanaweka hadithi ya mgonjwa mwanzoni mwa wasilisho kama pilipili ya kuamsha watu, halafu wanaiacha wanaendelea na slaidi zao, na hadithi haijafanya kazi yoyote.

Na mwisho wake usiupambe. Wengi wanamalizia kwamba pampu ikaondolewa mpini, ugonjwa ukaisha pale pale. Ukweli ni kwamba mpini ulitolewa wakati vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, na Snow mwenyewe alilikubali hilo. Ukilisema hivyo hadithi haiharibiki, inakuwa na uzito zaidi, na siku mtu akienda kusoma mwenyewe hatakuona mwongo.

Hapa nyumbani tunayo ya Erasto Mpemba na sioni kwanini hatuisimulii kila siku. Mwaka 1963, kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa ya moto na sukari. Kawaida unasubiri yapoe ndo uweke kwenye friza. Nafasi ikawa inaisha, akaogopa kuikosa, akaweka yake ya moto hivyo hivyo, na yake ikaganda kabla ya ya mwenzake. Akauliza darasani akachekwa. Akaja akauliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Denis Osborne aliyekuwa anafundisha fizikia chuo cha Dar es Salaam, wenzake wakacheka tena, ila Osborne alirudi Dar akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana maji ya moto yanaganda haraka lini na kwanini, na wengine wanasema vipimo havionyeshi hivyo. Sema na hilo. Mtoto akisikia kwamba ubishi haujaisha anataka kwenda kujaribu kwenye friji ya nyumbani, na ndo unachotaka.

Angalia hadithi hii ina nini: mtu mwenye jina, anayetaka kitu kidogo cha kawaida, kizuizi, kitu cha ajabu kinatokea, watu hawamwamini, anashikilia. Utafiti wako nao una hayo yote, umeyafuta tu ulipoandika ripoti. Siku uliyoshangaa ilikuwa lini? Ulikosea wapi kwanza? Mimi huwa nasimulia jinsi nilivyokaa wiki nzima nahesabu vidudu kwenye mapipa halafu nikagundua sehemu niliyokuwa siangalii, chini ya ule mdomo wa ndani wa pipa, ndo mayai yalipojaa. Watu wanakumbuka hiyo kuliko jedwali langu.

Hata jina linaweza kuwa picha. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kwanza huku kwetu, kusini, kwenye mlipuko wa 1952 hadi 1953, na jina lake limetoka Kimakonde, maana yake ni ile hali ya mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Unamsimamishia mtu picha ya mgonjwa kwa neno moja. Na mbu wa dengue ndo anayeueneza huo pia.

Jaribu picha yako kwa kunyamaza

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo muhimu kuliko zote. Kabla hujaprinti, chukua mchoro wa penseli uende nao kwa watu watano wasiokujua, muonyeshe mmoja mmoja, muulize "hapa unaona nini?" halafu nyamaza. Usisaidie. Inauma kunyamaza mtu anapoita mfereji wako nyoka, ila nyamaza uandike.

Usiulize "mmeelewa?" Sisi tuna heshima, mgeni akiuliza mmeelewa tunajibu tumeelewa mwalimu, ahsante sana, hata kama hakuna kilichoingia. Muulize badala yake, "Mama, ukifika nyumbani shemeji yako akikuuliza ulikuwa unaangalia nini pale, utamwambiaje?" Atakachosema ndo bango lako lilivyo kweli. Ukipata watu watatu wanaosimulia kitu tofauti na ulichokusudia, tatizo ni mchoro. Halafu mpelekee na mtaalamu mwenzako aangalie kama umerahisisha mpaka ukasema uongo. Wote wawili lazima.

Picha za watu

Niliwahi kupiga picha uani kwenye nyumba moja ya kupanga, tairi lina maji limejaa vidudu, picha nzuri ina mwanga wa jioni, nikaishea kwenye magrupu. Nyuma ya tairi geti la bluu lilikuwa linaonekana. Majirani wakalijua geti, mama mwenye nyumba akaitwa mchafu mtaa mzima, na yeye alikuwa ndo mtu pekee aliyenikaribisha siku ile. Nilienda kumwomba radhi, alinisamehe, ila mimi bado inanikaa.

Siku hizi napiga karibu, chombo na maji tu, hakuna geti, hakuna mlango, hakuna uso bila ruhusa. Ruhusa naiomba mara mbili, kabla ya kupiga na baada ya mtu kuiona picha au kuisikia sauti yake kama itakavyotoka, na nasema wazi itaenda wapi, WhatsApp, ukutani hospitali au kwenye ripoti. Akikataa mara ya pili naifuta mbele yake. Watoto na wagonjwa ndo kabisa kuwa makini, taarifa za afya za mtu zina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina badilisha, na mtaa pia kama ni mdogo watu wanajuana.

Kama unatumia simu

Sitarefusha. Simama dirishani asubuhi, mwanga uwe usoni kwako sio mgongoni. Sauti ni muhimu kuliko picha, tumia maiki ya earphone na ukae mbali na kijiwe cha bodaboda. Weka maandishi ya Kiswahili chini ya video maana wengi wanaangalia kwenye daladala bila sauti. Isizidi dakika moja na nusu, na ipunguze uzito kabla ya kuituma, bando la mtu ni hela yake. Anza na kile kitu chenyewe, chupa yenye vidudu ikiwa mbele ya kamera sekunde ya kwanza, jina lako na cheo vije baadae.

Halafu rudi. Wiki mbili baada ya kutundika bango jipya lenye ndoo iliyokatwa nilirudi Tandale kwa yule mama wa genge, nikamwamkia, nikamuuliza bango analionaje. Akaniambia ndoo ni nzuri ila mstari nimeuchora chini mno, maana yeye maji yakikatika anajaza mpaka juu kabisa kwenye mpini, kwahiyo mayai yatakuwa huku, akanionyesha na kidole, karibu na mdomo. Nikainamisha ndoo yake nikaangalia. Yalikuwepo pale pale aliponionyesha, na bango la tatu mstari uko juu.